Crafting kwenye Old School RuneScape: vito, vioo, fimbo au ngozi za joka?

Dogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinitumia sauti ya WhatsApp saa tano usiku. "Kaka, niko levo ya 61 ya Crafting, nina milioni tano za sarafu, nacheza kwa simu. Nataka kufika 80 nijitengenezee mwenyewe mkufu wa glory. Nikate almasi, nipulize vioo, au nishone ngozi za joka?"

Nilianza kumjibu kwa sauti, nikajikuta nimefika dakika nne na bado niko kwenye almasi. Nikaifuta. Bora niandike, maana swali lake ndilo wanalouliza wengi, na majibu wanayopewa karibu yote yamepimwa kwa kipimo kimoja tu: XP kwa saa, yaani alama za uzoefu zinazokupandisha levo. Kipimo hicho kinamfaa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, mkono kwenye kipanya, hana mtu wa kumsumbua. Dogo anauza duka la vifaa vya simu. Kila baada ya dakika mbili kuna mtu anauliza bei ya kava.

Kwa aliyeikuta gemu hii juzi: Old School RuneScape ni ya kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Ilifunguliwa Februari 2013 kutokana na nakala ya RuneScape ya Agosti 2007 iliyokuwa imehifadhiwa, na tangu Oktoba 2018 unaicheza kwenye simu kwa akaunti ileile ya kompyuta. Crafting ndiyo kazi ya mikono humo ndani: kushona ngozi, kukata vito, kupuliza vioo, kuyeyusha dhahabu iwe pete na mikufu. Ni ujuzi unaoununua. Ukiwa na pesa unapanda haraka, usipokuwa nazo unapanda kwa subira, na ugomvi wote wa njia gani bora unatokea hapo katikati.

Unakwenda mpaka wapi?

Hili lije kwanza, kwa sababu watu wengi wanabeba ushauri wa kufika 99 wakati wanachotaka kiko 55.

Levo ya 40 inakufungulia mlango wa Crafting Guild, nyumba ya mafundi, ukienda umevaa aproni ya kahawia. 55 inatosha kuunganisha kofia ya Slayer, ujuzi wa kuwinda majini. Mkufu wa jiwe la joka, ule unaogeuka glory ukitiwa uchawi, unataka 80. Mkufu wa oniksi, unaozaa fury, unataka 90. Halafu kuna 99 na joho lake, linalokurusha Crafting Guild bila kikomo, hatua chache kutoka kwenye sanduku la benki. Joho hilo ndilo lililonifanya niingie kwenye balaa hili.

Sasa tazama umbali. Levo ya 55 ni XP 166,636. Levo ya 99 ni 13,034,431. Yaani ukifika 55 hujamaliza hata asilimia 2 ya safari nzima, na levo ya 92, kwa macho ya mgeni mtu amekaribia kabisa, ndiyo nusu ya njia. Kwa hiyo kama unaishia 55, usipoteze usiku kulinganisha bei. Shika njia yoyote unayoimudu, utamaliza kabla hujaichoka.

Mwanzo hauna mjadala

Kutoka 1 mpaka 20 shona ngozi laini ya ng'ombe: glovu, kisha buti, kofia, na vingine kadiri vinavyofunguka. Ni XP 4,470 tu. Ukifika 20 anza vito. Yakuti samawati 106 zinakufikisha 27. Zumaridi 156 zinakufikisha 34. Yakuti nyekundu 355 zinakufikisha 43. Jumla vito 617, patasi moja, na unaweza kuimaliza kazi hiyo huku mchele unaiva. Tena vito hivi, mpaka almasi, vinakatwa hata na asiyelipia uanachama.

Kuanzia 43 ndipo njia zinapoachana.

Sekunde za kupumua

Gemu hii inakwenda kwa mapigo. Kila pigo ni sekunde 0.6. Kukata kito kimoja ni mapigo 2, kuunganisha fimbo moja ni mapigo 2, kupuliza kioo ni mapigo 3, kushona vazi moja la ngozi ya joka ni mapigo 3. Ukishaagiza "tengeneza vyote", mhusika wako anaendelea mwenyewe mpaka mzigo uishe. Wewe unarudi benki, unaweka, unatoa, unaagiza tena.

Jambo moja zuri kwetu tulio mbali na seva za Uingereza na Marekani: kazi ya namna hii haijali intaneti inayokokota. Kwenye mapigano, kuchelewa kwa nusu sekunde kunakuua. Kwenye Crafting amri ni moja kwa mzigo mzima, ikichelewa kidogo hakuna kilichoharibika.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni hiki: baada ya kuagiza, nina sekunde ngapi za kuweka simu chini?

| Njia | Levo | XP kwa kimoja | Kwa mzigo | Sekunde za mzigo | XP kwa mzigo |
|---|---|---|---|---|---|
| Almasi | 43 | 107.5 | 27 | 32 | 2,902.5 |
| Lenzi ya kandili | 49 | 55 | 27 | 49 | 1,485 |
| Kizibao cha joka kijani | 63 | 186 | 8 | 14 | 1,488 |
| Fimbo ya hewa | 66 | 137.5 | 14 | 17 | 1,925 |
| Kizibao cha joka jeusi | 84 | 258 | 8 | 14 | 2,064 |

Mkoba una nafasi 28. Patasi inakula moja, bomba la kupulizia linakula moja, sindano na uzi vinakula mbili. Fimbo hazihitaji kifaa, ila kila fimbo inataka tufe lake, ndiyo maana ni 14 na 14. Kizibao kimoja kinakula ngozi tatu, kwa hiyo mzigo wa ngozi 24 unatoa vizibao 8 na hapo hapo umeisha.

Tuseme watu wanne wako levo ya 84, wote wanakwenda 99, na kila mmoja anatumia sekunde 3 benki. Mwenye vizibao vyeusi anamaliza kwa saa 24 hivi. Mwenye fimbo za hewa, saa 29. Mwenye almasi, saa 34. Mwenye lenzi, saa 97. Kwenye simu sekunde 3 za benki ni za mwenye kidole chepesi, mimi natumia tano mpaka sita, na kuchelewa huko kunamuumiza zaidi wa vizibao kwa sababu yeye ndiye anayerudi benki mara nyingi zaidi kwa saa. Mkono ukiwa mzito, almasi na vizibao vinasogeleana.

Almasi: njia inayodharauliwa

Ukiangalia jedwali vizuri utaona kitu. Almasi na kizibao cha kijani vinakaribiana sana kwa saa, laki tatu kasoro kwa almasi na laki tatu na kidogo kwa kizibao. Lakini almasi inakupa sekunde 32 za kupumua badala ya 14. Nusu ya kugusa, XP karibu ileile, na unaanza levo 20 mapema. Kwa raha ya mkono, almasi inaishinda ngozi ya kijani mchana kweupe.

Kinachoiangusha ni pesa. Mara nyingi almasi iliyokatwa inauzwa chini ya almasi ghafi. Kwa mtu wa duniani jambo hilo ni la ajabu, sonara gani anakata jiwe ili lishuke bei? Humo ndani lina maana yake. Wanunuzi wa almasi ghafi ni watu kama mimi na dogo, tunanunua XP iliyo ndani ya jiwe. Tukishaikata, XP tumeichukua, tumebaki na ganda. Aliye na pesa na hana muda wa kukodolea simu macho, almasi ni yake. Dogo na milioni tano zake, hapana.

Vioo: kazi ya mtu mwenye kazi nyingine

Kupuliza vioo ndiyo njia ya polepole kuliko zote nilizoweka hapa. Unaanza na glasi za bia levo ya 1, koroboi levo ya 12, bakuli la samaki 42, tufe tupu 46, kisha lenzi ya kandili 49. Levo ya 87 linafunguka tufe la mwanga la XP 70, lakini kwa safari ya 80 hilo halimhusu dogo.

Sekunde 49. Nimezipima kwa mambo ya nyumbani: zinatosha kugeuza chapati upande mmoja, zinatosha kusoma ujumbe na kuujibu, zinatosha kumchagulia mteja chaja na kumrudishia chenji kama hana maneno mengi. Ukichelewa, hakuna kilichoharibika, mhusika amesimama benki kioo kimekwisha. Karibu XP laki moja kwa saa, lakini ni saa ambayo ulikuwa unaitumia kwa shughuli nyingine hata hivyo.

Kuna uamuzi mdogo hapa: lenzi au tufe tupu? Lenzi ni XP 55, tufe tupu ni 52.5. Tofauti ni ndogo, na matufe tupu yana wanunuzi wao, wanaoyachaji kwa uchawi ili yawe matufe ya fimbo. Fungua Grand Exchange, soko la wachezaji, tazama bei ya vyote viwili siku hiyo, chagua kinachorudisha zaidi. Mimi nimebadilisha zaidi ya mara moja katikati ya wiki na sikuona hasara ya maana kwenye XP.

Anayetaka kupunguza gharama zaidi atengeneze kioo chake. Hiyo inataka Magic 77 na kumaliza kisa (quest) cha Lunar Diplomacy, ndipo upate uchawi wa Superglass Make. Unachukua ndoo 18 za mchanga na mwani mkubwa 3, unapiga uchawi mara moja, vioo vinatoka vingi kuliko mchanga uliotia, vingine vinaanguka chini unaviokota. Mwani wenyewe unalimwa chini ya bahari kule Fossil Island, unataka Farming 23, unaiva kwa dakika 40. Wanaocheza kwa hali ya ironman, wasioruhusiwa kununua wala kuuziana na mtu, hii ndiyo barabara yao kuu ya Crafting. Wengi pia wanamaliza kisa cha The Hand in the Sand ili Bert wa Yanille awaletee ndoo 84 za mchanga kila siku, na meli za kukodi bandarini zinauza mchanga na mwani. Kwao ulinganisho huu ni mfupi: vioo, basi.

Fimbo, kwa kifupi

Fimbo za vita zinaanza 54 kwa tufe la maji, XP 100. Ardhi 58, moto 62, hewa 66. Ni safi: 14 na 14, sekunde 17, hakuna uzi wala sindano. Zikichomwa kwa High Level Alchemy, uchawi unaogeuza kitu kuwa sarafu, kila moja inatoa sarafu 9,300, kwa hiyo ina sakafu, haiwezi kukuangukia mpaka sifuri. Shida yangu nazo ni kwamba unafuata bei mbili kwa wakati mmoja, ya fimbo na ya tufe, na siku moja ikishuka nyingine imepanda. Niliwahi kununua fimbo elfu mbili usiku kwa bei niliyoiona nzuri, asubuhi matufe yakawa yamepaa. Zilikaa benki wiki tatu.

Kama una pesa ya kutosha kusubiri, fimbo ni nzuri. Kama huna, usiziguse.

Ngozi za joka, na pesa halisi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapofilisika.

Kijani inaanza kwenye kizibao levo ya 63, bluu 71, nyekundu 77, nyeusi 84. XP kwa kizibao ni 186, 210, 234 na 258. Rangi ikipanda na kasi inapanda, lakini bei ya ngozi nayo haikusubiri. Wengi wanaganda kwenye kijani mpaka mwisho kwa sababu hiyo.

Hesabu ya gharama ni rahisi na uipige mwenyewe kila siku unayonunua: bei ya ngozi tatu, toa unachorudishiwa, gawanya kwa XP. Kwa mfano tu, tuseme ngozi ya kijani iliyokwisha kutengenezwa ni sarafu 1,800. Tatu ni 5,400. Kizibao cha kijani kikichomwa kwa High Level Alchemy kinatoa 4,680, bei iliyowekwa na gemu yenyewe, haipandi wala haishuki. Tuseme runi ya nature, inayoliwa na kila uchomaji, ni 100. Umebaki na 4,580. Hasara ni 820 kwa kila kizibao, yaani sarafu 4.4 kwa kila XP moja.

Sasa mweke dogo humo. Kutoka 63 mpaka 80 ni vizibao 8,697, ngozi 26,091. Hasara ya 820 mara 8,697 ni zaidi ya milioni saba. Yeye ana tano. Angeishia 77 hivi, mfukoni hana kitu, na mkufu bado anautazama kwa mbali. Hiyo ndiyo sababu sikumwambia "subiri 63 ushone" kama wanavyoambiwa wote.

Uchomaji nao una gharama isiyoandikwa kwenye XP kwa saa. Unataka Magic 55, na kila kizibao ni sekunde 3. Vizibao vyeusi vya kutoka 84 mpaka 99 ni 39,082. Kuvishona ni saa 24, kuvichoma ni saa 32 na nusu. Umesoma vizuri, kuvichoma ni kazi ndefu kuliko kuvishona. Unapata XP 65 za Magic kwa kila kimoja, zaidi ya milioni mbili na nusu kwa jumla, na unaweza kuchoma huku unakimbia kwenye Agility, ujuzi wa kuruka vikwazo, kwa hiyo si saa za kutupa. Lakini anayekwambia ngozi nyeusi inatoa XP laki nne kwa saa hakukuhesabia hizo.

Usipotaka kuchoma, uza Grand Exchange. Kuna kodi ya muuzaji, tangu 2025 ni asilimia 2. Kizibao cha sarafu 8,000 kinakatwa 160. Ni kidogo mpaka uzidishe kwa 39,082, hapo ni milioni sita na robo. Linganisha bei ya soko baada ya kodi na bei ya kuchoma baada ya runi, uza kunakorudisha zaidi. Na kumbuka soko lina kikomo cha kununua kila saa nne, kwa hiyo anza kukusanya ngozi mapema. Usingoje siku unayotaka kushona.

Kisha kuna siri ndogo ya wenye mkono mzito. Kinga ya mkono ya ngozi nyeusi inatumia ngozi moja na inatoa XP 86. Kizibao kinatumia tatu na kinatoa 258. Piga: 86 mara tatu ni 258. Kwa kila ngozi, XP ni ileile kabisa, na kwenye kijani ni vivyo hivyo, 62 kwa 186. Tofauti ni muda. Ngozi 26 zikishonwa kinga, mhusika anafanya kazi sekunde 47 bila kukugusa, karibu sawa na vioo. Ukichoma utatumia runi tatu badala ya moja, na bei ya kuuza ni ya kuangalia siku hiyo, lakini mtu ambaye alikuwa anataka ngozi ila hawezi kurudi benki kila sekunde 14, njia ipo. Nashangaa haitajwi.

Kuhusu pesa zenyewe

Njia tatu kati ya hizi, vioo, fimbo na ngozi za joka, ni za wanachama tu. Asiyelipia ana vito na tanuru: vipande vya dhahabu kuwa mikufu kuanzia levo ya 8, XP 30 kila mmoja, pale Edgeville ambako tanuru na benki vimekaribiana. Uanachama unaweza kuulipia kwa sarafu za gemu ukinunua bondi Grand Exchange, moja ni siku 14. Watu huwa wanakimbilia kununua dhahabu kwa watu wa pembeni kwa sababu ni rahisi zaidi. Ni kinyume cha kanuni, na akaunti inafungwa na kila kilichomo. Na yule anayesimama pale sokoni akipiga kelele kwamba anazidisha pesa zako mara mbili, unamjua, hata kwetu stendi yupo.

Nilichomwambia dogo

Kwanza, kutoka 61 mpaka 63 hakuna cha kufikiria: lenzi 1,206, dakika 40 hivi. Au almasi 617, robo saa, kama anataka kujifurahisha.

Baada ya hapo, mchana dukani apulize lenzi. Safari nzima ya 61 mpaka 80 kwa lenzi peke yake ni vioo 30,615, saa 16 na robo. Kwa ngozi ya kijani, kuanzia 63, ni saa 5 na robo. Ukimwambia mtu saa 16 dhidi ya 5 anacheka, lakini zile 16 ni za mtu anayehudumia wateja, na zile 5 ni za mtu aliyeinamisha shingo anagusa skrini kila sekunde 14. Kila siku nilizopiga hesabu mimi, sarafu kwa XP kwenye vioo zilitoka chini ya ngozi. Milioni tano yake itafika.

Usiku akishafunga duka, kama ana hamu, anunue ngozi za laki tano tu, ashone, achome, aone pesa inarudi kiasi gani. Akiona bei imekaa vizuri arudie. Akiona haijakaa vizuri, bomba la kupulizia liko palepale benki.

Akakubali. Siku ya tatu akanipigia badala ya kuandika.

"Kaka, sindano inagoma."

"Levo ngapi?"

"63. Nimenunua ngozi, nina uzi, nabonyeza sindano kwenye ngozi, hakuna kitu."

Nikamwambia agandamize ile ngozi kwenye mkoba anisomee jina lake lote, taratibu. Akasoma: *Green dragonhide*. Ngozi ghafi, haijapita kwa mtengeneza ngozi. Ya kushona inaitwa *green dragon leather*, na kwenye orodha ya soko zimekaa jirani, picha zinafanana, na ghafi ilikuwa na bei ya chini kidogo, ndiyo iliyompendeza.

"Niuze?"

"Usiuze, utakatwa kodi bure. Ziko ngapi?"

"Mia mbili na sabini."

Mtengeneza ngozi, Ellis, yuko mji wa Al Kharid, kaskazini kidogo ya benki ya pale. Sarafu 20 kwa kila ngozi ya joka, kwa hiyo 5,400 zote. Beba 27 kwa mkupuo, acha nafasi moja ya sarafu, safari kumi. Nikasikia mteja anauliza bei ya earphone, na simu ikakatwa.